Ukuta Usiojua Utani

Kila siku ikitimu saa tatu asubuhi, Skolastika Kikoti aligonga kioo cha baromita kwa ukucha, akaandika namba daftarini kwa penseli, kisha akabonyeza kitufe cha redio na kumtukana Osmund.

"Litumbo, Litumbo, Idunda hapa. Mmeshaamka huko, au panya wa kitoweo wamewazidi mbio?"

Redio ilikoroma kidogo. "Tumeamka zamani," ilijibu sauti ya Osmund Tawete kutoka bondeni, kilomita sitini kusini. "Tulikuwa tunasubiri mbwa abweke tujue kama Idunda kuna watu. Hakubweka. Tukasema basi, Wahehe wameshamnywea chai."

"Mkia tumekubakizia, mtani."

"Mkia mpe mkweo. Mimi nataka paja."

Skola alicheka peke yake katika chumba cha vipimo. Alikuwa na miaka ishirini na saba na shahada ya hali ya hewa, lakini mbele ya watu sauti yake ilikauka kama kisima cha kiangazi. Mikutanoni aliandika alilotaka kusema kwenye kipande cha karatasi na kumpa mwenzake asome. Ila kwa huyu Mngoni, ambaye hakuwahi kumwona hata kwa picha, maneno yalimjia yenyewe. Utani ulikuwa umempa ruhusa. Mababu wa Wahehe na mababu wa Wangoni walipigana mpaka wakachoka, kisha wakawaachia wajukuu matusi yasiyouma. Baba yake Skola alipofariki, Osmund aliita redioni akadai maiti isizikwe mpaka Idunda walipe kuku, kwani marehemu alikuwa mtumwa wao aliyetoroka vitani. Skola, ambaye hakuwa amekula siku tatu, alicheka mpaka akalia vizuri.

"Haya, nipe namba zako niandike," alisema Osmund. "Nina mahindi ya kuanika."

Litumbo hakukuwa na vipimo. Kulikuwa na redio, king'ora, na Osmund, mkulima wa kahawa aliyechaguliwa na kijiji kuwa mpokeaji. Alichojua kuhusu hewa ya kesho ni kile tu alichoambiwa na Idunda. Mtandao wa simu haukushuka bondeni, na laini hii ya redio ndiyo iliyokuwa njia yao pekee ya kusikia na kusikika.

Skola aliinua macho amsomee namba. Mshale wa baromita haukuwa pale alipouacha.

Aligonga kioo tena. Mshale ukashuka kidogo zaidi, mbele ya macho yake.

Hewa ya nchi hizi hupumua mara mbili kwa siku, polepole, kama mtu aliyelala: mgandamizo wake hupanda mpaka saa nne asubuhi, hushuka mpaka saa kumi jioni, kisha hurudia usiku. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulijua hilo. Saa tatu asubuhi mshale ulipaswa kuwa unapanda kuelekea mia nane kumi na tatu. Ulikuwa mia nane na tisa, na unateremka.

"Idunda? Umesinzia, mtani?"

"Ngoja kidogo," alisema Skola, na akaachia kitufe.

Ukuta, mtambo wa kuikinga Idunda na dhoruba, ulizungumza wakati huohuo kutoka kwenye kipaza sauti. Ulikuwa na sauti ya mwanamke mpole, mwenye adabu, asiyeharakisha neno.

"Kituo cha Idunda, kuna badiliko. Mgandamizo mdogo uliotarajiwa kufifia mpakani haujafifia. Ukingo wa dhoruba utafika saa sita kamili."

Ramani ikafunguka kwenye skrini. Skola aliitazama na kuona kosa lilipotokea. Kwa siku tatu makao makuu walikuwa wakisema hewa ile ya joto na unyevu, iliyotoka kwenye mkondo wa bahari wa Msumbiji, ingefika nchi kavu, ikose maji ya kunywa, ife. Lakini hewa baridi ya kusini, ambayo kwa kawaida hungoja mwezi Juni, ilikuja mapema. Ilikuwa nzito, imetambaa chini kwa chini kando ya ziwa Nyasa, na usiku wa kuamkia leo ikaingia chini ya ile ya joto kama kabari chini ya gogo. Hewa mbili za namna hiyo hazichanganyiki. Hushikana mpakani, na ile nyepesi huinuliwa juu kwa nguvu, unyevu wake unageuka mawingu, mawingu yanatoa joto, joto linavuta hewa nyingine kutoka chini. Dhoruba iliyokuwa inakufa ilikuwa imepata chakula kipya.

Na mstari wake ulikuja moja kwa moja Idunda.

Mlango ulifunguka. Injinia Mhapa, mkuu wa kituo, aliingia na povu la sabuni kwenye shavu moja. Jingine alikuwa ameshalinyoa.

"Nimesikia," alisema. Alitazama ramani, kisha dirishani, upande wa bwawa.

Bwawa la Mkewe lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Bega lake la kulia lilikuwa na ufa tangu Februari, na mafundi walikuwa hawajafika hata nusu ya kazi. Chini yake waliishi watu elfu kumi na nane, na barabara ya kutoka ilikuwa moja. Nyumba ya tatu kutoka kwenye ukuta wa bwawa ilikuwa ya mama yake Skola.

"Likipigwa na mvua hii halifiki jioni," alisema Mhapa. "Wale watu hawawezi kutoka ndani ya saa tatu zilizobaki. Wape taarifa Litumbo. Tunainua Ukuta."

*

Watu walisema Ukuta huzuia dhoruba. Haikuwa kweli. Ilikuwa minara thelathini na mmoja iliyopangwa juu ya mgongo wa milima. Kila mmoja ulivuta hewa, ukaipoza, ukaimwaga chini. Hewa baridi ni nzito. Ilijilundika juu ya Idunda kama mlima usioonekana, na mgandamizo ukapanda. Dhoruba ikija huukuta mlima ule, haiwezi kupanda, hupinda na kufuata ukingo wake. Maji hayapungui hata tone. Yanahama tu, na mahali yalipohamia palikuwa bonde la Litumbo.

Kwa hiyo sheria ilikuwa moja, na Ukuta wenyewe ulifundishwa kuilinda. Minara haiwaki mpaka mpokeaji wa bondeni atamke kwa kinywa chake kwamba njia imefunguliwa, maana yake: tumesikia, watu wetu wanaondoka, leteni. Akishatamka, minara huchukua dakika arobaini kufikia nguvu kamili. Ndani ya dakika hizo yeye peke yake anaweza kufuta kauli yake. Zikipita, hakuna wa kufuta.

Skola alivuta kiti. Mhapa alisimama nyuma yake, karibu mno, na harufu ya sabuni. Skola aliihisi sauti yake ikikauka. Alijua maneno ya kitabuni: Idunda kwa Litumbo, tahadhari ya daraja la kwanza. Aliyatafuta kinywani hakuyaona. Mlango pekee uliobaki wazi ulikuwa ule aliouzoea, naye akapita humo.

"Mtani," alisema, "toeni panya wenu mashimoni. Saa sita tunawaletea maji ya kuoga. Mmenuka vya kutosha."

Kicheko kilipasuka redioni. "Leteni! Leteni na sabuni! Njia imefunguliwa, mtani, na mkeka tumetandika. Mwambie huyo Injinia wenu aje mwenyewe atusugue migongo!"

"Kauli ya mpokeaji imepokelewa, saa tatu na dakika nane," ulisema Ukuta. "Minara inaanza."

Sakafu ilitetemeka. Huko mgongoni mwa milima, mnara wa kwanza ulianza kuvuma, kisha wa pili. Mhapa na Skola walitazamana.

"Alikuwa anatania," alisema Skola. Ilitoka kama pumzi tu.

"Najua alikuwa anatania. Nina masikio."

"Basi uambie usimame."

"Sina mamlaka hayo. Wewe pia huna." Mhapa alijifuta povu kwa kiganja, akakitazama kiganja kana kwamba si chake. "Ukuta haujui utani, Skola."

Waliouandikia programu walikuwa watu waliosoma sana. Waliufundisha lafudhi kumi na nne na namna ya kutambua sauti ya mlevi. Hakuna aliyewaambia kwamba kuna watu ambao ukiwaambia nyumba yenu inaungua hukujibu: afadhali, tulikuwa na baridi.

Skola alinyoosha mkono kwenye kitufe. Mhapa hakuushika. Alisema tu, taratibu:

"Ukimwambia, atafuta. Wewe ungekuwa yeye, usingefuta?"

Mkono ulibaki hewani.

"Akifuta, minara inazima, na dhoruba inakuja hapa. Bwawa linakwenda. Ngoja saa tatu na dakika arobaini na nane, mwanangu. Ikifika hapo nitamwita mwenyewe, nitamwambia kila kitu, aniite muuaji akitaka. Watakuwa bado na zaidi ya saa mbili za kuvuka."

Alisema hivyo, akatoka kwenda kuiangalia mitambo, na hatua zake koridoni hazikuwa za mtu mwenye uhakika.

*

Litumbo ilikuwa na watu mia sita, wote upande wa chini wa mto. Kufika mwinuko ulio salama walipita daraja moja la kamba, kwa vikundi, na daraja lilibeba kama watu wanne kwa dakika. Skola alichukua penseli. Hakuhitaji mashine kwa hesabu hiyo. Wote wangevuka kwa saa mbili na nusu. Wakianza kabla ya saa tatu na nusu, wanavuka wote. Baada ya hapo kila dakika ilibakiza watu wanne ng'ambo. Mpaka saa ya Mhapa, watu sabini na wawili.

Alitia mstari chini ya ile namba. Kisha mkono wake ukarudi juu ya kitufe na kukaa hapo, bila kubonyeza.

Alimwona mama yake. Saa hizi angekuwa uani ametandaza maharage juu ya turubai, amelipa kisogo bwawa, naye husikia kwa sikio moja tu, tena kwa shida. Asingesikia chochote. Maji yangemkuta ameinama.

Saa tatu na dakika kumi na tisa. Dirishani, ukungu mweupe ulianza kuteremka kutoka kwenye minara, unatambaa majanini kama kitu kinachotafuta njia. Kioo kilikuwa kimeshika baridi. Mshale wa baromita uliacha kushuka. Ukasita, ukaanza kupanda, na Skola, Mungu amsamehe, alifarijika.

Redio ilikoroma.

"Idunda, mbona kimya? Mmekimbia?" Osmund alikuwa anatafuna kitu. "Huku leo anga safi kama sahani, hata kijiwingu hakuna. Nimeanika gunia sita. Darasa la kwanza wamepita hapa na mwalimu wao wanaenda mtoni kuchimba udongo wa kufinyangia. Mmoja kaniambia atanifinyangia Mhehe. Nikamwambia asisahau mkia."

Anga safi. Skola alifumba macho. Mbele ya dhoruba kubwa hewa iliyoinuliwa hurudi kushuka, ikishuka inakauka, na watu walio chini hupata asubuhi nzuri kuliko zote za mwaka. Alijua hivyo. Wale watoto hawakujua.

Hakujibu. Alisikia Osmund akingoja, kisha akicheka peke yake, kisha akitoka.

Saa tatu na dakika thelathini. Aliutazama mshale wa saa ukigusa alama na kuivuka. Wanne. Alijiambia anatafuta maneno. Alijiambia anatetemeka mno, sauti haitatoka. Wanane. Watu wote wa kituo walijua Skola ni mtu wa aibu. Hakuna ambaye angemlaumu. Kumi na wawili. Nje minara ilivuma kwa sauti moja sasa, nzito, kama kwaya iliyofumba midomo.

Saa tatu na dakika thelathini na nne alibonyeza.

"Osmund."

Hakuwahi kumwita jina.

"Mtani! Nilidhani mbwa kakukwama kooni."

"Kuna dhoruba. Inakuja kwenu. Ni ya kweli."

"Hata ile mvua ya mawe uliyonitangazia mwezi wa pili ulisema ni ya kweli." Osmund alianza kucheka. "Nilikaa na sufuria kichwani mpaka mchana, mke wangu akaita majirani waje waone. Leo sivai sufuria, Mhehe wewe. Labda unipe chungu."

Skola alielewa hapo kwamba hangeweza kupita. Angelia, Osmund angesema machozi ya mamba. Angeapa, Osmund angeapa zaidi. Miaka minne walijenga nyumba ambayo kila neno likiingia linageuka kicheko, na yeye ndiye aliyekuwa akileta matofali.

Osmund alikuwa na miaka arobaini na minne, rika la kaka yake mkubwa. Mtani hapewi heshima ya umri, kwa hiyo kwa miaka yote hiyo Skola hakuwahi kumwamkia.

"Shikamoo, kaka Osmund," alisema.

"Haa! Leo kweli mbwa wamekwisha! Heshima yote hiyo unataka kukopa nini?"

"Shikamoo, kaka."

Kicheko kilikatika katikati. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, ya mtu mzima ambaye Skola hakuwahi kukutana naye.

"Marahaba," alisema Osmund polepole. "Skola. Kuna nini?"

Akamwambia. Alimwambia kwa sentensi fupi, bila kupanga: ile hewa ya joto, ile ya baridi, mahali zilipokutana. Saa sita. Kauli yake ilivyopokelewa. Minara iliyokuwa inawaka. Daraja, na kwamba watu wasingoje kuchukua kitu. Osmund hakuuliza swali hata moja. Kitufe chake alikiacha kimebanwa, na Skola alisikia kiti kikianguka, miguu ikikimbia, kisha king'ora cha Litumbo, ambacho hakikuwahi kulia kwa kweli, kikipanda na kupanda. Alisikia mwanamke akiita majina ya watoto, moja baada ya jingine, bila kupumzika. Alisikia mbuzi. Alisikia mtu akicheka na kuuliza kama Wahehe wamewashambulia, na Osmund akimpigia kelele kwa Kingoni, na kicheko hicho nacho kikafa.

Mhapa alikuwa amerudi. Alisimama mlangoni, nusu ya uso imenyolewa, na hakuwa na hasira. Alionekana mzee tu. Alitazama saa iliyokuwa ukutani: saa tatu na dakika arobaini. Zilibaki nane.

Osmund alirudi redioni anahema.

"Wa kwanza wameingia darajani. Darasa la kwanza nimewatumia pikipiki. Skola, sikiliza. Ile mashine yenu, umesema, ilipokea kauli yangu saa tatu na dakika nane. Wewe umeniita na thelathini na nne. Hapo katikati nilikuita, hukujibu." Alipoendelea, sauti yake ilikuwa laini, kana kwamba anampisha mtu mlangoni. "Redio ilikatika, siyo? Hizi redio zenu za milimani. Ilikatika."

Mhapa aliitikia kwa kichwa kutoka mlangoni: ndiyo, sema ndiyo. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Ilikuwa neno moja tu, na kila mtu angelipokea. Osmund mwenyewe alikuwa amelitayarisha, amelisafisha, amemwekea mkononi.

Skola alisogeza mdomo karibu na redio. Sauti ilikuwepo. Haikukauka.

"Haikukatika, kaka. Nilikuwa hapa, kidole juu ya kitufe. Kauli yako bado unaweza kuifuta, zimebaki dakika nane. Ukiifuta, dhoruba itakuja kwetu na bwawa litavunjika, na mama yangu anaishi chini yake. Wewe umeshawakosa watu kumi na sita kwa ajili ya kimya changu." Alivuta pumzi. "Wote wanasema nina aibu. Sikunyamaza kwa aibu. Nilipiga hesabu nikawaona nyinyi wote, na wale watoto mtoni, nikasema moyoni afadhali wao kuliko sisi."